Somo: Kushindana kwa samaki mwekundu Galveston, na kwa nini rula huamua kuliko ndoana

Mwezi huu peke yake nimeulizwa mara kumi na moja namna ya kuingia mashindano ya uvuvi wa samaki mwekundu hapa Texas, na mara zote muulizaji alianza na swali la chambo, ambalo kwangu ni la mwisho kwa umuhimu. Nimeamua kuandika jibu moja refu. Atakayeniuliza tena nitamrudisha hapa.

Samaki ninayemzungumzia ni yule Wamarekani wanayemwita redfish, kitaalamu Sciaenops ocellatus, mwenye rangi ya shaba na doa jeusi karibu na mkia. Wageni kutoka kwetu, pwani ya Afrika Mashariki, humwita changu doa kwa sababu ya hilo doa, lakini hawana undugu. Mashindano mengi ya ghubani huchezwa na timu ya watu wawili, na kila timu huleta kwenye meza ya kupimia samaki wawili walio hai, walio ndani ya kipimo halali, ambao uzito wao hujumlishwa. Kwa Texas kipimo halali ni inchi 20 hadi 28. Ukishika samaki wa inchi 40 umepata picha nzuri, si alama.

Hatua ya 1: Kibali. Nunua kibali cha uvuvi cha Texas chenye idhini ya maji ya chumvi, na uangalie tarehe ya mwisho, kwa sababu vingi huisha tarehe 31 Agosti hata kama ulikinunua Julai.

Hatua ya 2: Mwenza. Chagua mtu unayeweza kukaa naye kwa muda wa saa tisa ndani ya boti bila kugombana.

Hatua ya 3: Kanuni. Zisome zote, kisha mwenzako azisome, kisha mhudhurie kikao cha manahodha cha usiku wa kuamkia mashindano. Mpaka wa eneo, saa ya kurudi, adhabu ya samaki aliyekufa na aina ya chambo hutofautiana kutoka mashindano hadi mashindano.

Hatua ya 4: Boti. Iwe inayoelea kwenye maji ya magotini. Tangu Aprili 2021 sheria ya shirikisho inamtaka nahodha wa boti nyingi zilizo chini ya futi 26 ajifunge kamba ya kuzimia injini anapokwenda kasi, basi ifungeni. Mota ndogo ya umeme husaidia, lakini kwenye kina cha shibiri mbili upondo hauna mshindani, na sisi tuliokulia kwenye mitumbwi tunao urithi ambao wenyeji hulipa fedha kufundishwa.

Hatua ya 5: Kumtafuta. Hapa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki lazima asahau kidogo alichofundishwa. Kwetu bamvua huinua maji mita tatu na zaidi, na mvuvi hupanga wiki yake kwa mwezi angani. Galveston maji ya kawaida hupanda na kushuka kiasi cha futi moja, hivyo upepo huyaamuru kuliko mwezi. Upepo wa kaskazini unaokuja na baridi husukuma maji nje ya vinamasi, na samaki waliokuwa wametawanyika ndani ya majani hulazimika kushukia kwenye vijito na midomo ya mabwawa, mahali ambapo timu yenye subira huwakuta wamejipanga. Upepo wa kusini mashariki ukivuma siku mbili mfululizo maji hujaa, samaki huingia ndani kabisa ya majani kufuata kaa na kamba, na boti yenye tumbo kubwa hubaki nje ikitazama. Tafuta migongo inayopasua maji, mikia inayochomoza samaki wanapokula wakiwa wameinamisha vichwa, kamba wanaoruka juu ya maji kwa hofu, na korongo waliosimama pamoja ukingoni. Vaa miwani inayokata mng'ao wa maji. Mawe ya chaza yaheshimu, kwa sababu yanakata mshipi, yanakata fiba ya boti, na yanakata mguu.

Hatua ya 6: Chambo. Kijiko, yaani chambo bandia cha chuma, cha rangi ya dhahabu kisichonasa majani, au samaki wa mpira mwenye mkia mpana juu ya ndoana yenye risasi ya robo wakia. Basi. Mashindano mengi hukataza chambo halisi.

Hatua ya 7: Kupima. Hatua hii niliiharibu mimi mwenyewe, kwa hiyo nitakaa hapa.

Samaki wa inchi 28 huwa na uzito wa karibu ratili 8, na aliyenona anaweza kufika 9. Kwa sababu uzito ndio unaohesabiwa na urefu una ukomo, kila timu humtafuta samaki anayekaribia mstari wa 28 bila kuuvuka, na hapo ndipo tamaa humpofusha mtu. Mwaka wangu wa pili tulikuwa na samaki wawili wazuri kabla ya saa nne asubuhi. Wa pili nilimpima juu ya kifuniko cha sanduku la barafu kilichobandikwa stika ya rula, nikaona amefika mstarini bila kuupita, nikamtia kwenye tangi nikiimba. Mezani msimamizi akamlaza kwenye ubao rasmi wenye ukuta wa mbele, akamsukuma pua mpaka ikagusa ukuta, akamfumba mdomo, akaubana mkia kwa vidole viwili, na samaki akavuka mstari kwa nusu thumuni ya inchi. Akatupwa nje ya hesabu, tukatozwa adhabu juu yake, na timu iliyokuwa inasubiri nyuma yetu ikaondoka na zawadi ambayo nilikwisha kuigawa kichwani mwangu.

Makosa yangu yalikuwa mawili. Stika haikuwa na ukuta, kwa hiyo pua ya samaki ilikuwa imetangulia mbele ya sifuri bila mimi kuona. Tena mkia niliuacha umetanuka, ilhali sheria ya Texas inasema urefu ni kutoka ncha ya pua, mdomo ukiwa umefumbwa, hadi ncha ya mwisho ya mkia uliobanwa au kuzungushwa mpaka utoe urefu mkubwa kabisa. Mkia uliobanwa hurefuka, na kwa samaki wa ukubwa huo tofauti inaonekana kwa macho.

Kwa hiyo angalieni haya. Nunueni ubao wa aina ileile inayotumiwa mezani. Msitumie stika wala utepe wa fundi cherehani. Ulowesheni ubao kabla ya kumlaza samaki, kwa sababu ubao mkavu wenye jua humchuna utelezi na kumfanya apigepige. Pimeni mara tatu, na kipimo cha tatu apime yule ambaye hakumshika samaki. Kumbukeni pia kwamba samaki aliyekakamaa kwa hasira saa tatu asubuhi hulegea na kunyooka saa tisa alasiri. Mimi sasa sibebi samaki anayegusa mstari wa 28. Namrudisha majini, hata mwenzangu akinuna. Zaidi ya hayo, kuwa na samaki aliyezidi 28 bila kumfungia lebo inayotoka kwenye kibali ni kosa la sheria ya jimbo, si la mashindano pekee.

Hatua ya 8: Kumweka hai. Agosti maji ya ghuba hupita nyuzi 30, na maji yenye joto hushika hewa kidogo. Pampu ya tangi ifanye kazi bila kupumzika. Tumieni chupa za maji yaliyogandishwa zikiwa zimefungwa, si barafu ya dukani, kwa sababu barafu nyingi hutengenezwa kwa maji ya bomba yenye klorini. Poozeni nyuzi chache tu, polepole.

Hatua ya 9: Kurudi. Panga kufika nusu saa mapema. Kuchelewa hukatwa uzito kwa kila dakika, na baada ya muda fulani hufutwa kabisa.

Maswali ya wanachama

Mgeni wa Katy: Shukrani kwa somo. Je, naruhusiwa kutumia kamba hai?

Jibu: Hatua ya 6, sentensi ya mwisho.

Mgeni wa Katy: Niliuliza tu, kwa sababu rafiki yangu anatumia.

Jibu: Rafiki yako akivua kwa chakula, sheria inamruhusu. Akiwatumia kamba hao kwenye mashindano yanayokataza, atafutwa. Soma kanuni za mashindano yako.

Mtoto wa Pate: Kaka, naomba kuelewa jambo moja. Kwetu samaki mkubwa ndiye heshima ya mvuvi. Kwa nini hawa wameweka ukomo wa juu?

Jibu: Swali zuri, na nashukuru umeliuliza. Samaki huyu hukulia ghubani na vinamasini, na anapokaribia miaka mitatu au minne hutoka kwenda bahari kuu kujiunga na makundi ya wazazi, ambako anaweza kuishi miaka 40. Kwa hiyo walio kati ya inchi 20 na 28 ni vijana, na waliozidi hapo ndio mbegu. Katika miaka ya 1980 mpishi Paul Prudhomme wa New Orleans aliupa umaarufu upishi wa samaki huyu aliyepakwa siagi na viungo na kuunguzwa kwenye kikaango cha chuma, mahitaji yakapanda kote nchini, na nyavu zikawafuata wazazi hukohuko baharini. Texas ilikuwa imekwisha kupiga marufuku kumuuza samaki huyu wa mwituni tangu 1981, kisha serikali ya shirikisho ikafunga uvuvi wake katika maji yake. Hadi leo huruhusiwi kuwa naye nje ya maili tisa za baharini za Texas. Ukipata nafasi nenda Sea Center Texas, mjini Lake Jackson, uone vifaranga wanavyokuzwa ili kupandwa ghubani. Kiingilio ni bure.

Nahodha wa Jumamosi: Nitumie alama za ramani za mahali ulipowapata.

Jibu: Hapana.

Nahodha wa Jumamosi: Basi somo hili lina faida gani?

Jibu: Mahali nilipowapata mimi palikuwa na maji siku ile. Leo upepo ni mwingine. Rudia hatua ya 5, chukua ramani, tafuta midomo ya vijito inayotazama kusini ndani ya ghuba ya West Bay, na uende ukaangalie kwa macho yako.

Dada wa Beaumont: Mimi sina boti wala uwezo wa kununua. Nina kayaki ya kupiga kasia. Je, nimeachwa nje?

Jibu: Hujaachwa, dada yangu, na pengine utafurahi kutuzidi. Yapo mashindano ya kayaki ambayo samaki hapelekwi mezani: unamlaza kwenye ubao pamoja na kadi yenye alama ya siku hiyo, unapiga picha, unamrudisha. Huko kinachohesabiwa aghalabu ni urefu, kwa hiyo soma hatua ya 7 mara mbili. Funga ubao kwa kamba, maana ukidondoka siku imekwisha. Na ukishuka kutembea majini, buruta miguu badala ya kuinyanyua, ili samaki taa aliyejifukia mchangani asikie na kuondoka.

Fundi Injini: Naongeza kwa hilo la kutembea majini. Mwenye kidonda asiingie wakati wa joto. Kuna bakteria wa Vibrio katika maji haya ya vuguvugu, na jeraha dogo la chaza limewahi kumlaza mtu hospitali. Osha kwa maji safi na sabuni mara moja, na likianza kuvimba usingoje kesho.

Jibu: Hili lilipaswa kuwamo kwenye somo. Ahsante, fundi.

Mgeni wa Katy: Ni kweli wanampima mtu kwa mashine ya kung'amua uongo?

Jibu: Mashindano mengi hujiwekea haki hiyo ndani ya fomu, na washindi ndio huitwa. Mwaka 2022 huko Ohio timu moja ya mashindano ya samaki wa ziwa ilikutwa imewajaza samaki vipande vya risasi, na watu wawili walifungwa jela. Texas ina sheria yake ya udanganyifu wa mashindano, na zawadi ikifika dola 10,000 huwa jinai nzito. Swali lako la safari hii ni zuri.

Mtoto wa Pate: Na zile fedha za pembeni ambazo timu huwekeana kabla ya kuondoka, si kamari?

Jibu: Ada ya kuingia nalipa. Zile za pembeni sijawahi kuweka, na hakuna aliyenilazimisha. Kuhusu hukumu yake muulize sheikh wako, mimi ni mvuvi.

Dada wa Beaumont: Samaki wa mazoezi, yule wa kula, mnampikaje?

Jibu: Pasua minofu bila kuondoa ngozi wala magamba, ulaze upande wa magamba juu ya makaa, na magamba yatakuwa sahani yake. Wenyeji hupaka siagi na limau. Mimi humpaka tui zito la nazi lenye ukwaju, kitunguu saumu na pilipili, mara tatu, bila kumgeuza.

Nahodha wa Jumamosi: Nilikwenda jana kwenye mdomo mmoja unaotazama kusini. Maji yalikuwa yametoka yote, tope tupu, ila nje kidogo nikaona mikia minne. Nilirusha, wakakimbia.

Jibu: Umewaona, na hiyo ndiyo kazi kubwa. Safari ijayo tupa kijiko futi sita mbele yao, si juu yao, ukivute kiwapite puani. Na kama ulisimama ndani ya boti kwenye kina hicho, kaa chini.