Manyoya ya ndoano za migebuka

Manyoya ya kufunga kwenye ndoano kama chambo cha migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, nayachukua alfajiri kwa mchinja kuku wa soko la Mwanga, Kigoma, kabla hajamwaga maji ya moto. Nyoya lililochemshwa silitaki.

Nataka ya shingoni na mgongoni mwa kuku jike. Ni laini, yanalowa upesi, na ukiuvuta mshipi yanajifunga, ukiulegeza yanachanua, kama dagaa anayehangaika. Mgebuka anawinda dagaa, basi mtikisiko huo ndio unaomleta. Ya jogoo yanang'aa na kupendeza, ila ni magumu, yanakaa wima tu majini. Mwaka wangu wa kwanza wa kuvua ufukwe wa Kibirizi nilifunga ndoano kumi za jogoo, nikarudi na samaki wawili. Iliniuma sana.

Jaribu hivi: chovya nyoya kwenye bakuli la maji, lishike kwenye kishina, livute polepole. Likicheza ncha yote, liweke. Likibaki limenyooka kama kijiti, litupe, hata liwe zuri namna gani.

Rangi ni nyeupe. Usiku chini ya taa ndiyo inayoonekana vizuri. Ya kanga yenye madoa nayapenda kwa uvuvi wa mchana.

Vinyoya laini vya chini kwenye kishina ving'oe vyote, maana vikilowa vinashikamana. Ncha isizidi pindo la ndoano kwa zaidi ya upana wa kidole, la sivyo samaki atauma mkia mtupu. Manyoya mawili kwa ndoano yanatosha. Yafunge kwa uzi mwembamba, karibu kabisa na tundu la ndoano.