Kutengeneza karara la mnazi (lile ganda linalofunika maua yake) la simiti kwa kiwanda (ua wa ndani) cha nyumba

Kuna kijana hapa Lamu nilikuwa namsaidia, mwenye nyumba ataka pambo la kiwandani, kitu cha mmea lakini si maua, tukaona karara la mnazi lililopasuka, refu kama mtu. Wengine washaanza kuuliza ndo naandika.

1. Okota karara halisi ulianike kivulini. Picha ya simu haikuonyeshi vile midomo inavyojikunja.

2. Kiunzi: nondo ya milimita 8 iwe uti, izamishwe kwenye zege la chini, halafu waya wa kuku tabaka mbili tatu. Kufunga mwajua. Lijengee papo hapo kiwandani, ukilimaliza nje utalipitisha mlango gani?

3. Mchanga. Hapa ndo kazi yenyewe jamani. Usichote ufuoni, wala ile milima ya Shela usiiguse, ndo inayotunza maji tunayokunywa. Chumvi ikifika kwenye nondo chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, basi inasukuma simiti mpaka inapasuka kutoka ndani. Nguzo ya nyumba angalau ina simiti nene juu ya chuma, karara ni sentimita mbili tatu tu. Tafuta mchanga wa mto, watu wa Malindi mna Sabaki lakini uwe wa huko juu, si mdomoni bahari inapoingia maji yakijaa. Ukiwa na shaka uoshe: karai, maji matamu (si ya kile kisima cha chumvi!), koroga, mwaga, rudia, kisha onja yale maji. Na ulimi haukamati chumvi kidogo, kwa hivo hata ukionja ukaona sawa, osha tena. Uache ukauke kabla ya kupima, la sivyo simiti itakuwa maji. Waya nao uwe wa galvanaizi (uliopakwa zinki), na pale ulipokata hapana zinki tena, zile ncha zikunje ndani.

4. Simiti moja, mchanga mbili, maji kidogo, ukifinya ishikane. Vaa glavu, simiti inakula ngozi. Sukuma mpaka itokeze upande wa pili wa waya. Koroga kidogo kidogo, ikianza kukaza usiongeze maji, tupa.

5. Ikishika nusu, chora ile mistari mirefu na kipande cha kifuu. Kuna wanaotumia grinda baadaye, mie sipendi, mistari yatoka imekufa.

6. Funika na magunia yaliyolowa siku 7 kwenda juu, kaskazi ikivuma lowesha mara kwa mara.

7. Rangi ya mafuta hapana, paka chokaa nyepesi nyepesi. Akitaka kahawia tia oksaidi (unga wa rangi) kijiko kwa kijiko, na ujaribu kwenye kigae kwanza manake chokaa ikikauka rangi hufifia sana.