Shotgani ya kulinda nyumba: namna ya kuichagua na kuizoea

Kila nikipata mwanafunzi mpya swali la kwanza ni lile lile, "si inatawanya gololi? si nikielekeza tu upande ule inatosha?" Simjibu kwa mdomo. Nabandika karatasi kubwa nyeupe, tunarudi nyuma mita tano, anapiga moja, tunaenda kuangalia. Tundu ni moja, kingo zimechanika chanika, na unaliziba lote kwa kiganja cha mkono. Hapo ndo mtu ananyamaza. Ndani ya nyumba mita tano ni mbali tayari, kwa hiyo habari ya kwamba shotgani inafagia chumba kizima kama ufagio isahau kabisa, hii kitu inalengwa kama bunduki nyingine yoyote, na mtu asiyefanya mazoezi anakosa nayo vizuri tu.

Nimefundisha hii shughuli miaka mingi kidogo, naandika ninavyofundisha, kwa mpangilio ule ule.

Hatua ya 1: kibali na sanduku kwanza

Kabla hujaenda kushika bunduki yoyote jua sheria ya unapoishi: nani anaruhusiwa kumiliki, inahifadhiwaje, na lini kabisa sheria inakuruhusu kuitumia. Hiyo ya mwisho isome mara mbili. Na nunua sanduku la chuma lenye kufuli kabla ya bunduki, siyo baada. Kama nyumbani kuna mtoto, au mtu yeyote anayepitia kipindi kibaya kichwani, hakuna mjadala, bunduki inakaa kwenye kufuli au haiingii kabisa humo ndani.

Hatua ya 2: geji

Geji ni kipimo cha upana wa mtutu. Watu wanachanganyikiwa kwa sababu namba inaenda kinyume, geji 12 ni kubwa kuliko geji 20. Sababu yake ni ya zamani: ukichukua ratili moja ya madini ya risasi ukaigawa mipira 12 iliyo sawa, mpira mmoja unaenea kwenye mtutu wa geji 12. Ukigawa mipira 20 unapata mtutu mwembamba zaidi. Geji 12 ni kama milimita 18.5 kwa ndani, 20 ni kama 15.6.

Geji 12 ina risasi za kila aina ila inapiga teke. Geji 20 inapiga teke dogo na kwa umbali wa ndani ya nyumba haikupungukii kitu cha maana. Mtu mwenye mwili mdogo, au ambaye anajijua ataanza kuogopa bunduki yake mwenyewe, namshauri 20 bila aibu. Nimeona majibaba yanafumba macho kabla ya kufyatua 12, sasa hapo geji kubwa imesaidia nini?

Ila ukiwa na geji zote mbili nyumbani nisikilize hapa vizuri. Risasi ya 20 ukiitumbukiza kwa bahati mbaya kwenye chemba ya 12, yaani pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, inapita, inateleza mbele kidogo halafu inakwama ndani ya mtutu ambako huioni. Wewe unafikiri chemba iko tupu, unaweka ya 12, unafyatua, mtutu unapasuka kwenye mkono wako wa mbele. Ndo maana maganda ya geji 20 yanatengenezwa ya njano, uyatofautishe kwa jicho. Usichanganye mfuko, usichanganye hata meza.

Hatua ya 3: pampu, semi au mitutu miwili

Mitutu miwili ni rahisi kuielewa na kuikagua, unaikunja kwenye bawaba unaona kila kitu, lakini una risasi mbili basi. Semi inajikoki yenyewe, na zile zinazotumia gesi zinapunguza teke kweli kweli, ila bei inapanda na nyingine zinachagua risasi, ukiipa dhaifu inagoma.

Pampu, ile unayovuta na kusukuma kishikio cha mbele ili kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine, ndo wengi wanaishia nayo. Remington 870 iko sokoni tangu 1950, Mossberg 500 tangu mwanzo wa miaka ya 1960, mafundi wanazijua na vipuri vipo. Tofauti moja ya kushika mkononi kabla ya kuchagua: sefti, yaani kizuizi cha kifyatulio, ya 870 ni kitufe kiko nyuma ya kifyatulio unakisukuma kwa pembeni, ya Mossberg 500 iko juu mgongoni unaitelezesha kwa dole gumba, kwa hiyo mtu wa mkono wa kushoto mara nyingi anaifurahia hiyo ya pili.

Kuna wale watakaokwambia mwizi akisikia tu mlio wa pampu anakimbia. Labda anakimbia. Labda pia umemwambia uko chumba gani. Usijenge ulinzi wako juu ya mlio.

Hatua ya 4: kitako, ambacho watu wanakipuuza

Bunduki nyingi zinakuja na kitako cha kama sentimita 35 au 36 kutoka kifyatulio mpaka mwisho. Kwa mtu mrefu sawa. Kwa wengine wote ni kirefu, wanaegemea nyuma kama wamebeba ndoo ya maji na kila risasi inawasukuma hatua. Kipimo cha haraka, bunduki ikiwa tupu: kunja kiwiko pembe mraba, weka kitako kwenye mkunjo wa mkono, kidole kifike kwenye kifyatulio bila kujinyoosha. Kikiwa kifupi kidogo siyo shida, sentimita 33 inawafaa wengi. Kikiwa kirefu ni shida kila siku. Kitako kifupi na mpira mzuri wa nyuma vinapunguza maumivu kuliko dawa yoyote ya bega.

Mtutu wa inchi 18 mpaka 20 unageuka vizuri kwenye kona na milango. Usikate mtutu mwenyewe na msumeno, nchi nyingi zina kipimo cha chini, Marekani kwa mfano ni inchi 18, na ukishuka hapo bila ruhusa maalum ni kosa la jinai.

Hatua ya 5: risasi

Marisau madogo ya ndege ni ya mazoezi, ni rahisi na hayapigi teke sana. Kwa ulinzi wengi wanatumia gololi kubwa za namba 00, risasi moja ya kawaida ya geji 12 ina gololi nane au tisa, kila moja kama milimita 8.4. Na gololi hizo zinapita ukuta wa jipsamu, siyo mmoja, kadhaa. Kaa kitandani uangalie kila upande ujiulize nyuma ya ukuta ule analala nani. Kuna upande ambao utagundua hutakiwi kupiga kabisa, hata iweje. Huo uujue leo mchana siyo usiku ule.

Hatua ya 6: karatasi

Pima kwa hatua umbali mrefu kuliko wote ndani ya nyumba yako, kutoka pale utakaposimama mpaka mlango wa mwisho unaoonekana. Halafu nenda uwanja wa shabaha na karatasi zako piga moja moja kwa mita 3, 5, 7, 10 na 15, risasi ile ile utakayoweka nyumbani, andika umbali kwenye kila karatasi. Kisha rudia na risasi za kampuni nyingine. Utashangaa, mtutu mmoja unapenda risasi hii unakataa ile, moja inakaa ngumi kwenye mita 7 nyingine imesambaa kama sahani. Chukua inayokusanya. Gololi ikitoka nje ya shabaha hiyo ni ya kwako, popote ilipoenda utaijibia wewe.

Hatua ya 7: mazoezi makavu

Hapa ndo ninapokaa muda mrefu na wanafunzi, na ni bure. Toa risasi zote, zipeleke chumba kingine. Angalia chemba kwa jicho, kisha ingiza kidole kidogo ukague kwa kugusa, na magazini pia, lile bomba la chini ya mtutu linalobeba risasi. Elekeza mtutu mahali ambapo hata ikitokea maajabu haiumizi mtu. Tumia risasi za dami, zile za plastiki zisizo na baruti.

Simama mguu mmoja mbele, magoti yalegee, uzito uende mbele. Leta bunduki shavuni kwanza ndo kitako kikae begani, ukianza na bega kichwa kinaitafuta bunduki kama kuku anadonoa. Mkono wa mbele unasukuma mbele, wa nyuma unavuta nyuma, kama unataka kuinyoosha bunduki, zile nguvu mbili zinakula teke kabla halijafika begani. Kidole nje ya kifyatulio mpaka umeamua.

Halafu pampu. Vuta mpaka mwisho, sukuma mpaka mwisho, kwa nguvu, kama umeichukia. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi niliaibika mbele ya watu kumi, nikapiga ya kwanza safi, nikavuta pampu kwa ustaarabu nusu nusu, ganda halikutoka vizuri, risasi ya pili ikaja ikabanana nalo pale kwenye tundu la kutolea maganda na mimi nafyatua nafyatua hakuna kitu. Ilikuwa mchana, hakuna mtu ananivamia, na bado mikono ilitetemeka. Tangu hapo nafundisha pampu mara 20 kila siku na dami, bunduki ikiwa begani bila kuishusha, kisha kujaza magazini ukiwa umefumba macho. Upande wa shaba wa risasi una ukingo, dole gumba likishaujua ule ukingo giza halikusumbui. Dakika 10 zinatosha, ukichoka unaanza kufundisha mwili makosa.

Hatua ya 8: moto wenyewe

Miwani na vizuia sauti masikioni, lazima. Mlio wa shotgani unapita desibeli 150 na sikio linaumia kwenye 140, risasi moja tu inaweza kukuachia mlio usioisha. Risasi 25 kwa kikao zinatosha, nyingi marisau, tano za mwisho zile za nyumbani. Ukifyatua isilipuke usiifungue haraka, acha mtutu umeelekea kwenye shabaha uhesabu sekunde 30. Ikilia "pufu" dhaifu, simama hapo hapo, toa kila kitu, chungulia mtutu kutokea kwenye chemba hakikisha hakuna kilichokwama. Kupiga nyingine juu ya iliyokwama ni kupasua bunduki.

Hatua ya 9: ikiwa nyumbani

Chemba tupu, risasi kwenye magazini tu, ndani ya sanduku linalofunguka haraka kwa wewe peke yako. Chemba tupu kwa sababu pampu nyingi zikianguka vibaya zinaweza kulipuka hata sefti ikiwa imewekwa, sefti inazuia kifyatulio tu.

Na usizunguke nyumba ukitafuta mtu. Chagueni chumba kimoja, wote wakimbilie humo, mlango ufungwe, mmoja apige simu polisi, wewe subiri umeelekea mlango na useme kwa sauti kwamba polisi wanakuja. Hiyo ndo kazi yote, na mara nyingi inaishia hapo.

Tochi ni lazima, ya mkononi au ya kwenye bunduki, ila ya kwenye bunduki isiwe ndo unaangalizia kila kitu maana unaelekeza na mtutu. Kwenye darasa langu la mwisho tunazima taa za uwanja, kuna picha za watu ukubwa wa kawaida, baadhi wana kisu, wengine wana simu, mmoja ni kijana na begi mgongoni. Juzi mwanafunzi wangu mmoja, fundi wa pampu kuliko wote darasani, alimpiga wa begi. Akasimama muda mrefu na tochi yake imeangaza ile karatasi, akasema taratibu "huyu ni kama wangu akitoka chuo." Tukarudia zoezi lile lile mara nne bila risasi, awashe tu, aangalie, aseme kwa sauti ameona nini mkononi.