Namna ya kujua umri wa tufe la dunia la zamani

Hapa Lubumbashi matufe ya zamani hutoka kwa wamisionari, mashuleni, au kwa familia za wazee waliofanya kazi mgodini. Mtu akiniletea moja nyumbani, katika komini (mtaa) ya hapa mjini iitwayo Kenya, naanza na Kongo yetu kabla ya Ulaya. Majina ya kwetu yamebadilishwa mara nyingi, na kila jina lina miaka yake.

Likalishe karibu na dirisha, shika kioo cha kukuzia, tafuta mji huu. Ukisoma Élisabethville, uko kati ya 1910 na 1966. Kisha jina la nchi: État indépendant du Congo ni 1885 hadi 1908, Congo belge ni kutoka hapo mpaka 1960, Zaïre ni 1971 mpaka 1997. Shuka kusini: Zambia haikuwa na jina hilo kabla ya 1964. Sasa ndiyo uende Ulaya. Congo belge ikikaa pamoja na Leningrad (St Petersburg ya leo) na Constantinople (Istanbul ya leo), tufe ni la kati ya 1924 na 1930 hivi. Pitisha kidole taratibu juu ya majina, maana watengenezaji wengine walibandika kijikaratasi chenye jina jipya juu ya la zamani. Hapo tufe lenyewe lina umri mkubwa kuliko jina unalosoma.

Jina la mtengenezaji litafute baharini, hasa Pasifiki, kwenye fremu iliyopambwa. Kazi yenyewe ya kutengeneza tufe ni ya subira: vipande vya karatasi vilivyochongoka pande zote mbili, mara nyingi 12, hubandikwa kimoja kimoja juu ya mpira wa karatasi na plasta. Mercator, mchoraji ramani mzaliwa wa Rupelmonde huko Ubelgiji, alitengeneza lake mwaka 1541, upana wa sentimita 41 hivi.

Nakusihi, usilioshe! Maji yakipenya kwenye ufa wa vanishi, gundi inalegea na karatasi inainuka. Brashi laini, kavu, inatosha. Skochi, yaani utepe wa gundi, nayo inaniuma sana kuiona: ukiitoa, inaondoka na mto mzima wa kwenye ramani. Wala usiliweke juu ya kabati chini ya mabati, joto la Oktoba linapasua plasta.

Ukipata tufe la nyota na kuona Orioni, lile kundi la nyota la mwindaji, amegeuzwa kushoto kulia, usidhani limekosewa. Mengi yalichorwa hivyo, kana kwamba mtu anaitazama mbingu akiwa nje yake.