Picha za nyuroni (seli za neva) kwenye bango la utafiti: acha nyekundu na kijani
Kama bango lako lina picha za darubini zenye rangi mbili, kila rangi ikionyesha protini yake, geuza nyekundu iwe majenta (waridi-zambarau) kabla ya kuchapisha. Wasiotofautisha nyekundu na kijani ni wengi, hasa wanaume, na kwao mahali protini mbili zinapokutana hapatofautiki na pengine. Majenta na kijani vikipishana hutoa nyeupe, ambayo kila mtu anaiona. Weka pia kila chaneli, yaani picha ya kila rangi, peke yake kwa kijivu. Matawi membamba ya dendraiti, yaani nyuzi za nyuroni zinazopokea ishara, huonekana vizuri zaidi hivyo. Jaribu kwanza kipande kwenye A4, maana picha za giza hufifia zaidi karatasini kuliko kwenye skrini. Na chini ya kila grafu taja idadi ya wanyama waliotolewa seli, si ya seli pekee. Utaulizwa tu.