Jinsi ya Kuchagua Umbizo la Faili za Usanidi

Kabla ya kulinganisha maumbizo, jiulize ni nani atakayeifungua faili hiyo ya usanidi (yenye mipangilio ambayo programu huisoma ili ijue ifanye kazi vipi) kwa mkono wake, na katika hali gani. Faili inayoandikwa na programu moja na kusomwa na nyingine haihitaji kupendeza machoni, na JSON, umbizo rahisi la kubadilishana data kati ya programu, inaitosha. Faili ambayo mtu ataihariri kwa haraka usiku, seva ikiwa imeanguka, inahitaji mambo mawili: nafasi ya kuandika maoni (maelezo kwa msomaji ambayo programu huyapuuza), na makosa yanayojitokeza mapema badala ya kujificha.

JSON hushindwa katika hilo la kwanza. Kiwango chake, RFC 8259 cha mwaka 2017, hakina maoni kabisa, kwa hiyo mtu anayetaka kueleza kwa nini muda wa kusubiri umewekwa sekunde 45 badala ya 30 hana pa kuandika. Zipo programu zinazokubali maoni ndani yake, ila hiyo si JSON tena, na zana nyingine zitaikataa.

YAML, umbizo jingine la usanidi, ina maoni na inasomeka vizuri, na hapo ndipo watu wengi wanaponasa. Tazama mistari hii mitatu:

nchi: no
toleo: 1.10
ruhusa: 010

Aliyeiandika alikusudia kifupisho cha Norwei, toleo la kumi katika mfululizo wa kwanza, na tarakimu tatu zibaki zilivyo. Maktaba (msimbo ambao programu hutumia kusomea faili) inayofuata YAML 1.1 itasoma "si kweli", kisha 1.1, kisha 8 (sifuri ya mbele huifanya namba ya msingi wa nane), bila kulalamika hata kidogo. Toleo 1.2 la mwaka 2009 lilirekebisha mstari wa kwanza, na wa tatu likausoma kama 10 badala ya 8, lakini maktaba maarufu kama PyYAML, ya lugha ya Python, bado hufuata kanuni za zamani, na mstari wa pili husomwa kama namba kotekote. Ukilazimika kutumia YAML, weka kila maandishi ndani ya alama za nukuu, na uangalie nafasi za mwanzo wa mstari, kwani mbili tu zikipungua mpangilio unaweza kuhamia chini ya kichwa kingine.

Kwa faili za kuhaririwa na watu, mimi huanza na TOML, umbizo la usanidi lililobuniwa na Tom Preston-Werner mwaka 2013 na kufikia toleo 1.0.0 mwaka 2021. Maandishi lazima yawe na nukuu, tarehe zina aina yake, na nafasi za mwanzo wa mstari hazibadilishi maana. Udhaifu wake huonekana mipangilio inapoingia ngazi nne au tano, vichwa vinapogeuka minyororo mirefu ya nukta. Ingawa, kusema kweli, mara nyingi mpangilio wa kina hivyo ndio unaostahili kupunguzwa. INI, umbizo la zamani la mistari ya jina na thamani, inafaa kwa mambo machache mepesi, ilimradi ukumbuke kwamba haina kiwango kimoja kinachofuatwa na wote.

Kisha jaribu. Mpe mwenzako ambaye hakushiriki kuandika programu hiyo faili ya mfano, mwombe abadilishe thamani tatu, nawe ufute alama moja ya nukuu kwa makusudi, uone kama ujumbe wa kosa utataja namba ya mstari. Hatimaye, ifanye programu ikatae jina lolote isilolitambua, kwa sababu hata TOML itapokea "muda_wa_kusubri", jina lililokosewa herufi, bila wasiwasi, na seva itaendelea kutumia zile sekunde 30 za kawaida.