Madirisha Yanaungua, Mabenchi Gizani: Kupiga HDR Ndani ya Kanisa

Simama mlangoni mwa kanisa kuu la Holy Ghost, pale Nkrumah Road, Mombasa, saa nne asubuhi. Macho yako yanaona vyote, kuanzia vioo vya madirisha hadi mbao za mabenchi ya nyuma. Kamera haiwezi. Ukipima mwanga wa mabenchi, madirisha yanageuka mabaka meupe. Ukipima madirisha, mabenchi yanazama kwenye weusi. HDR ni kupiga fremu kadhaa zenye mwanga tofauti kisha kuziunganisha ziwe picha moja. Si kulifanya kanisa ling'ae kama mapokezi ya hoteli. Picha zangu za mwaka wa kwanza zilikuwa hivyo, na sizionyeshi mtu.

Hatua ya 1: Ruhusa na saa

Pita ofisini kwanza, uombe siku isiyo na ibada wala harusi. Kisha chagua saa. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua liko karibu utosini: haliingii ndani, linapiga sakafu ya nje na kukurudishia mng'ao mkali mlangoni. Mimi hupenda zile dakika ishirini baada ya adhana ya magharibi. Anga inafifia mpaka inakaribia kulingana na taa za ndani, madirisha yanapata buluu, na fremu tatu zinatosha. Lakini wateja wengi wanataka mchana, basi tuendelee na mchana.

Hatua ya 2: Lenzi izoee joto

Ukishuka kwenye gari lenye AC, lenzi itafanya ukungu papo hapo. Usiifute. Iache ndani ya mkoba uliofungwa kama robo saa.

Hatua ya 3: Feni

Hili mafunzo ya Ulaya hayalisemi. Makanisa yetu yana feni, za darini na za ukutani, nazo huzunguka hata kama hakuna mtu. Kila fremu itazikuta panga zake mahali pengine, na ukiunganisha utapata ua la kijivu linaloelea hewani. Programu zina kitufe cha kuondoa vivuli vya namna hiyo, lakini hapo kinachofanyika ni kuchukua sehemu ile kutoka fremu moja tu, na doa la chembechembe linabaki darini. Njia rahisi ni kumwendea mtunza kanisa.

"Shikamoo, mzee. Naomba utuzimie feni dakika kumi."

"Marahaba. Kumi zako au kumi zangu?"

Mngoje mpaka panga zisimame kabisa. Mwombe pia asifungue mlango wa pembeni. Nimewahi kupoteza mfululizo mzima kwa mlango uliofunguliwa kwenye fremu ya nne: ulimi wa jua ulilala sakafuni katika fremu mbili, katika nyingine haukuwepo.

Hatua ya 4: Kupiga

Weka tripodi katikati ya njia, kamera ikiwa imenyooka kwa pimamaji. Ukiinamisha juu, nguzo zitaanguka nyuma. Piga RAW (faili ghafi ya kamera), ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), kipenyo, yaani tundu la lenzi, f/8. Zima kitulizo cha lenzi, kile cha kuzuia mtikisiko. Fokasi weka kwa mkono, kama theluthi moja ya safari kuelekea altare, usiiguse tena. Tumia kipima muda cha kamera, sekunde 2, ili kidole kisitikise.

Kipenyo hakibadiliki. Kinachobadilika ni kasi ya shata peke yake, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, maana ukibadilisha kipenyo hata ukali wa picha unabadilika, na fremu hazitalingana.

Anza na dirisha. Punguza mwanga mpaka histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera, isigonge ukuta wa kulia. Tuseme ni 1/250 ya sekunde. Halafu ongeza stopu mbili mbili, yaani mwanga mara nne kila hatua: 1/60, 1/15, 1/4, sekunde 1, sekunde 4. Katika ile ya mwisho uone nyufa za mbao chini ya mabenchi. Fremu sita zimefunika stopu 10. Lori likipita Nkrumah Road wakati wa zile sekunde 4, rudia fremu hiyo.

Hatua ya 5: Kuunganisha

Programu ya Lightroom inaunganisha na kukupa faili moja ya DNG, ambayo nayo ni faili ghafi. Asiye na pesa ya kulipia kila mwezi atumie darktable, ni ya bure. Rekebisha usawa wa rangi baada ya kuunganisha: mwanga wa dirishani una ubuluu, balbu zina umanjano, na taa ndefu za mirija huacha ukijani ukutani. Usijaribu kuvifanya vyote vyeupe. Sahihisha altare, kwingine pabaki palivyo.

Hatua ya 6: Kujizuia

Programu itakuvuta uinue kila kivuli. Kuza picha hadi asilimia 100, uangalie ukingo wa dirisha: ukiona utepe wa mwanga ukilizunguka kama halo ya mtakatifu, umezidisha. Rudi nyuma. Mimi huyaacha mabenchi ya nyuma yawe meusi kiasi cha kuonekana mgongo wa benchi tu, na dirisha liwe ndilo angavu kuliko kitu chochote ukutani, kwa sababu ndivyo nilivyolikuta nilipoingia.

Kabla ya kukunja tripodi, kamwambie mzee awashe feni.